Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Peke Yako Kwenye Tamasha Lako la Kwanza la Roki Ughaibuni

Anayekwenda kwenye tamasha na wenzake hubebwa nao bila kujua. Mmoja ana tiketi zote kwenye simu, mwingine anajua treni ya mwisho ni ya saa ngapi, wa tatu anakushikia koti ukienda msalani. Ukienda peke yako, tena katika nchi uliyohamia juzi, kazi zote hizo ni zako. Zifanye nyumbani siku kadhaa kabla, ukiwa umetulia. Ukizingoja hadi mlangoni, na foleni inakusukuma, zitakushinda.

Anza na tiketi. Angalia kama ni ya kiti au ya kusimama, maana mbili hizi ni usiku tofauti kabisa: mwenye kiti anaweza kufika dakika 10 kabla bendi haijapanda, ila wa kusimama nafasi yake ni ile atakayoikuta. Kwa mtu mmoja soko lina heri yake. Kiti kimoja kilichobaki katikati ya safu hakiwafai watu wawili, kwa hiyo hata tamasha likiandikwa kuwa tiketi zimekwisha, chungulia tena siku chache kabla. Ukinunua kwa mtu baki, pitia mfumo wa kuuziana unaotambuliwa na waandaaji. Msimbo wa tiketi (ile alama inayoskaniwa mlangoni) uliopigwa picha unaweza kuuzwa kwa watu watano, na mlangoni ataingia wa kwanza kuskaniwa.

Tiketi nyingi siku hizi zina msimbo unaojibadilisha kila baada ya sekunde chache, hivyo picha ya skrini haitasomeka. Pakua programu, ingia kwenye akaunti yako, fungua tiketi na uihifadhi kwenye pochi ya simu, yaani programu ya kutunzia kadi na tiketi, ukiwa bado kwenye intaneti ya nyumbani, kwa sababu karibu na ukumbi maelfu ya simu hugombea mnara mmoja. Hapa kuna mtego unaowanasa hasa waliohama: akaunti ilifunguliwa kwa namba ya zamani, programu inataka uthibitisho, na ujumbe wenye tarakimu unakwenda kwenye laini uliyoiacha kwenye droo. Badilisha namba ya akaunti mapema, kisha toka na uingie tena ujaribu.

Kisha soma saa na tarehe kwa makini. 19:00 ni saa 1 usiku, na 7 pm ni hiyo hiyo. Mtu aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili akiwa na haraka huiona 7 na kuipanga saa 7. Tarehe iliyoandikwa 05/06 ni tarehe 6 Mei nchini Marekani, lakini Uingereza na kwingi kwingine ni tarehe 5 Juni. Tena kuna saa ya kufunguliwa milango na saa ya kuanza muziki, na kati yake mara nyingi ni saa nzima. Kwa kawaida bendi ya kufungulia hupiga dakika 30 hadi 45, jukwaa hupangwa upya kwa nusu saa hivi, ndipo bendi kuu ipande na kupiga kati ya dakika 75 na saa mbili. Jumlisha hayo yote upate saa ya kutoka, kwa sababu ndiyo itakayoamua utarudije. Bendi ya kufungulia usiidharau: muda wake ndio unaokufaa kuzoea giza, kelele na watu kabla umati haujabanana.

Kuhusu begi, bora usiende nalo. Kumbi nyingi hukataa chochote kinachozidi ukubwa wa karatasi ya A4, nyingine hutaka mfuko unaoonyesha vilivyomo, na aliyekuja na begi kubwa hurudishwa asiwe na wa kumwachia. Simu, kadi ya benki, kitambulisho, funguo na pawabenki ndogo vinaingia kwenye mifuko ya suruali yenye zipu. Weka kadi na simu mifuko tofauti, kisipotee kimoja na kingine. Kumbi zisizopokea pesa taslimu kabisa ni nyingi, na kadi mpya ambayo haijawahi kutumika inaweza kukataa malipo yake ya kwanza. Itumie mara moja mahali pengine kabla ya siku hiyo. Kitambulisho kinatakiwa kilingane na jina la tiketi na kithibitishe umri pale penye masharti ya umri. Uliza kama kadi ya ukaazi inatosha, ili pasipoti ibaki nyumbani. Dawa ibaki kwenye pakiti yake yenye maelezo. Mwenye pumu asiache nyumbani dawa yake ya kuvuta (inhela), kwani jukwaa hupulizwa moshi bandia, na mwenye kifafa aulize mapema kuhusu taa za kumulikamulika.

Sasa masikio, ambayo wengi huyakumbuka asubuhi yake. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inapendekeza mtu asikae kwenye desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) zaidi ya saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo unapungua kwa nusu. Desibeli 94 ni saa moja, 97 ni nusu saa, 100 ni dakika 15. Tamasha la roki hufika 100 na kupita. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi za burudani ukitaka wastani usizidi desibeli 100, lakini si kila ukumbi unaufuata, na hata unaoufuata hauwezi kukulinda ukisimama mbele ya spika.

Nunua vizibo vya masikio mapema. Vile vya sponji hupunguza sauti sana ila humeza ile nyembamba, muziki ukasikika kama uko nyuma ya ukuta. Vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki hupunguza sauti zote kwa kiasi kinachokaribiana, hata maneno ya mwimbaji hueleweka vizuri zaidi. Tukishauri, chukua hivi, na jozi ya sponji iwe ya akiba. Kizibo cha sponji kikivaliwa vibaya hakina faida. Nawa mikono, kisokote taratibu kati ya vidole hadi kiwe chembamba kisicho na mikunjo, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa ulivute sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, kiingize, kisha kishikilie kwa kidole kama nusu dakika kikitanuka. Sema neno kwa sauti: ukijisikia kama unaongea ndani ya mtungi, kimekaa. Ukijitazama kwenye kioo ana kwa ana na bado unakiona kimechomoza, kitoe uanze upya. Jizoeze nyumbani, na uvivae kabla ya noti ya kwanza. Ndani ya umati vidole vinakuwa vichafu na giza halikusaidii.

Ukiingia ukumbini, kabla ya kutafuta mahali pa kusimama, tafuta mahali pa kutokea. Mwili wa mtu mwenye hofu hurudi kwenye mlango alioingilia. Februari 20, 2003, katika klabu ya The Station huko West Warwick, Rhode Island, fataki za jukwaani ziliwasha moto na watu 100 wakafa. Wengi walikimbilia mlango mkuu ukajaa watu ukaziba, ilhali milango mingine ilikuwepo. Kwa hiyo zunguka ukumbi, uone angalau milango miwili ya dharura, na utazame iko upande gani wa jukwaa, kwa sababu jukwaa utaliona hata taa zikizimwa.

Mahali pazuri kwa mara ya kwanza ni karibu na meza ya fundi wa sauti, kwa kawaida katikati kuelekea nyuma. Fundi hupanga sauti kwa masikio yake akiwa pale, na uzio wa meza hukupa mahali pa kuegemea. Mbele kabisa kuna raha yake, lakini uwe unajua unachokiendea. Watu wakizidi watano kwenye mita moja ya mraba hatari huanza, na wakifika sita au saba umati hutembea kama maji, haujali wewe unataka kwenda wapi. Juni 30, 2000, watu 9 walikufa kwenye tamasha la Roskilde nchini Denmark, bendi ya Pearl Jam ikiwa jukwaani, wengi wao kwa kukosa pumzi. Kifua kikibanwa mbele na nyuma hakiwezi kutanuka, na mtu hukosa hewa angali amesimama.

Kipimo ni hiki: ukiguswa na miili pande zote na huwezi kuinua mkono ukagusa uso wako, ondoka wakati bado unaweza. Tanguliza mguu mmoja, kunja mikono mbele ya kifua kama bondia ubaki na nafasi ya kuvutia pumzi, usishindane na wimbi. Liache likupeleke, na likitulia piga hatua mshazari kuelekea pembeni. Kilichoanguka, hata simu, usikiinamie. Ukiwa karibu na uzio wa mbele, mwinulie mkono baunsa aliye upande wa pili. Kuwavuta watu juu ya uzio ni sehemu ya kazi yake.

Duara la kusukumana linalofunguka katikati ya umati lina adabu yake: aliyeanguka huinuliwa hapo hapo, na viwiko haviinuliwi. Litazame wimbo mzima kutoka nyuma kabla ya kuamua. Usipolitaka, rudi hatua nne tano, maana hupanuka ghafla. Geuza shingo mara kwa mara pia, kwani anayepitishwa juu ya vichwa huja na buti kisogoni mwako. Ndiyo maana viatu vyako viwe vya kufunika vidole na vilivyofungwa kamba mara mbili, miwani iwe na kamba, hereni ndefu zibaki nyumbani.

Kula chakula kamili saa mbili tatu kabla, unywe maji ya kutosha. Kikombe chako cha kinywaji kikikutoka mkononi usikirudie, maana hujui kimetiwa nini; nunua kingine.

Kurudi kupange kwa njia mbili: ratiba ya usafiri ya siku ile ile ya wiki, maana ya Jumapili si ya Ijumaa, na njia ya pili ukikosa ya kwanza. Andika anwani ya nyumbani kwenye karatasi, simu isije ikazima. Jua namba ya dharura ya nchi uliyopo: nchi zote za Umoja wa Ulaya ni 112, Marekani 911, Uingereza 999. Masikio yakivuma hadi asubuhi, yapumzishe, na yakiendelea kupita siku moja au mbili muone daktari.

Mwachie mtu mmoja jina la ukumbi na saa unayotarajia kufika. Ukishafunga mlango wako, mtumie ujumbe kabla hujavua viatu. Ukijilaza kwanza utasinzia, naye atakesha akikusubiri.