Kufunga injini ya L28 katika Datsun 240Z

Afrika Mashariki inaijua Datsun 240Z kwa vumbi lake. Ilishinda mbio za magari za Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Injini iliyotoka nayo kiwandani ni L24, yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na ujazo wa cc 2,393. Mwenye gari hili anayetaka nguvu zaidi bila kukata chuma wala kuharibu umbo lake atafute L28, ambayo Nissan iliifunga katika 280Z na 280ZX kuanzia mwaka 1975. Ujazo wake ni cc 2,753, na nyongeza hiyo imepatikana kwa kupanua silinda kutoka milimita 83 hadi 86 na kurefusha mwendo wa pistoni kutoka milimita 73.7 hadi 79. Kwa nje bloku ni ndugu wa tumbo moja: inakaa kwenye mauntingi (vishikio vya injini) zile zile, inapokea gia boksi ile ile, na boneti inafunga bila kuguswa. Wapo wanaofunga V8 ndani ya gari hili, nami siwazuii, lakini kazi hiyo inadai uunde mauntingi upya, na mwongozo huu hauihusu.

Kwa kuwa injini inaingia bila ugomvi, wengi hudhani ni kazi ya siku mbili. Injini itaingia kweli. Kinachokula wiki ni vipuri vidogo vinavyotembea wawili wawili, ambapo ukichukua kimoja kutoka injini ya zamani na mwenzake kutoka injini mpya, gari halitembei. Kwa hiyo usiiuze wala kuitupa L24 yako hadi kazi iishe, maana utaichuna vitu vingi.

Anza na ununuzi. Namba ya injini imegongwa upande wa kulia wa bloku, ikitanguliwa na herufi na tarakimu zinazotaja aina yake. Ifute grisi kwa petroli na brashi ya waya uisome mwenyewe, kwa sababu L24, L28 na ndugu yao L26 zikiwa zimelala sakafuni kwa muuza vipuri zinafanana kabisa. Kama namba imepigwa tindo au kukwanguliwa, ondoka, hata kama bei ni tamu. Namba hiyo italazimika kuandikwa kwenye kumbukumbu za gari lako, NTSA (mamlaka ya usafiri) kwa Kenya au TRA (mamlaka ya mapato) kwa Tanzania, na injini isiyo na karatasi ya mauzo itakuweka matatani siku ya ukaguzi au siku ya kuuza. L28 ilifungwa pia katika Nissan Patrol ya mfululizo wa 160, hivyo usishangae kuikuta mahali usipotarajia. Ila usitegemee karai la oili wala mabano ya mauntingi ya Patrol, kwa kuwa yalitengenezwa kwa chasisi nyingine.

Ukiweza, pima mgandamizo kabla ya kulipa. Silinda dhaifu kuliko zote isipungue asilimia 80 ya ile yenye nguvu kuliko zote. Uliza pia kama injini ilitoka kwenye gari la gia za kawaida au la otomatiki, na uliandike jibu mahali, kwa sababu tutalirudia.

Kushusha injini ya zamani ni kazi ya nguvu zaidi kuliko akili. Boneti ya 240Z imefungwa bawaba zake kwa mbele, hivyo chora alama kuzunguka bawaba kabla ya kulegeza bolti, kisha itoeni watu wawili. Mwaga maji na oili, toa rejeta na feni, fungua bomba la moshi, waya wa stata, waya wa ardhi, kebo ya spidomita, silinda ndogo ya klachi, propela na mkono wa gia. Ni rahisi zaidi kutoa injini na gia boksi pamoja zikiwa zimeinamishwa, mkia ukishuka chini na pua ikipanda juu, huku cheni bloku ikiwa imeshika ndoano zote mbili za hedi. Piga picha za kila waya. Nati za bomba la moshi zilizoota kutu zinyunyizie mafuta usiku wa kuamkia kazi.

Injini mbili zikiwa chini, ubavu kwa ubavu, ndipo kazi yenyewe inapoanza. Hamisha mabano ya mauntingi kutoka L24. Pima karai la oili la injini mpya dhidi ya lile la zamani: kama tumbo lake la kuhifadhia oili halikai mahali pamoja, hamisha karai la zamani pamoja na bomba lake la kufyonzea oili. Bomba la kufyonzea lililotengenezwa kwa karai jingine linaweza kugusa chuma au kuning'inia juu ya oili, na beringi hazitakupa onyo.

Sasa rudi kwenye lile jibu la otomatiki. Nyuma ya krenki shafti kuna tundu linalobeba bushi ndogo ya shaba, ambamo ncha ya shafti ya gia boksi huzunguka. Injini iliyotoka kwenye gari la otomatiki haina bushi hiyo. Ukiisahau, gia boksi itafunga vizuri, gari litawaka, na baada ya muda mfupi shafti itaanza kuyumba na kuharibu beringi yake. Bushi yenyewe ni ya bei ndogo na kuipigilia kwa bomba la kipenyo chake hakuchukui dakika kumi, mradi ufanye hivyo kabla ya kufunga flaiwili.

Jozi iliyonitesa mimi ni presha pleti, yaani bamba linalobana diski ya klachi, na kola inayobeba beringi ya klachi. Nissan ilitengeneza presha pleti za vimo mbalimbali, kila moja na kola ya urefu wake. Pleti fupi kwa kola ndefu, pleti ndefu kwa kola fupi. Nilinunua klachi pana ya milimita 240, nikabakiza kola yangu ya zamani kwa sababu ilionekana nzima, nikapandisha kila kitu siku ya Jumamosi. Jioni nikakanyaga pedali hadi sakafuni na gia haikuingia. Nilitoa hewa kwenye mfumo wa klachi mara tatu, nikabadilisha silinda ndogo, nikamlaumu aliyeniuzia, hadi fundi mmoja mzee alipoziweka kola mbili juu ya benchi, moja kando ya nyingine, bila kusema neno. Tofauti yake ilikuwa kama upana wa kidole. Gia boksi ikashuka tena. Kwa hiyo nunua kola na presha pleti zilizotoka gari moja, au ziweke zote mezani injini ikiwa bado chini.

Kama unafungua hedi, ama kubadilisha gasketi ama kuhamishia hedi ya zamani, chonga kabari ya mti laini kabla ya kulegeza gurudumu la kamshafti, ile shafti inayofungua vavu. Ishushe kwa juu katikati ya pande mbili za cheni ya taimingi, igonge polepole mpaka cheni ikaze, na uifunge kamba ili isitumbukie. Kabari hiyo inamzuia kikaza cheni asiruke nje ya makazi yake. Akiruka, hutamrudisha bila kufungua kava lote la mbele. Wakati wa kurudisha, kaza bolti za hedi kutoka katikati kwenda pembeni kwa hatua tatu, takribani Nm 40, kisha 60, kisha 80. Fahamu kwamba hedi ya 240Z ya mwanzo, yenye alama E31, ina chumba kidogo cha kuchomea mafuta. Ukiiweka juu ya L28 yenye pistoni bapa, mgandamizo unapanda kiasi kwamba petroli ya kawaida italeta mlio wa kugongagonga ukipanda mlima. Kwa gari la kutembelea, naona ni busara kuacha hedi iliyokuja na injini.

Upande wa mafuta, L28 nyingi zilikuja na mfumo wa kupuliza petroli, ilhali gari lako lina kabureta mbili. Kabureta za L24 zinafaa. Badilisha sindano zake kwa zile zinazopitisha petroli zaidi, na aina ya SM ndiyo inayotumiwa sana kwa injini hii. Pampu ya L24 inasukumwa na kipande cha mviringo kilichofungwa mbele ya kamshafti. Tazama kama hedi ya injini mpya inacho. Kama haina, kihamishe, au funga pampu ya umeme ya shinikizo dogo. Usitumie pampu ya umeme ya 280Z kwa kabureta, kwani shinikizo lake litasukuma sindano za boya na petroli itamwagika juu ya manifoldi yenye moto.

Disitributa (kigawa moto wa plagi) ya 280ZX isiyo na pointi ni nyongeza nzuri, ila iandamane na kikalio chake. Weka silinda ya kwanza, iliyo mbele kabisa, juu kabisa katika pigo la kugandamiza, kisha chungulia ndani ya tundu la disitributa. Mkato wa fimbo ya kuizungusha unatakiwa kulala kama mikono ya saa inayosoma 11:25, yaani saa tano na dakika ishirini na tano kwa hesabu yetu, pua ya injini ikiwa ndiyo juu ya saa, na kile kidogo kati ya vipande viwili vya nusu mwezi vinavyogawanywa na mkato kikiwa upande wa mbele. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4. Kipima mizunguko cha 240Z husoma mkondo unaopita kwenye waya wa koili, hivyo kikilala baada ya mabadiliko haya, disitributa haijaharibika.

Breki zisiachwe nyuma. Kalipa za pistoni nne za Toyota Hilux inayosukumwa na magurudumu yote manne ya 1979 hadi 1985 zinafungwa kwenye mashimo yale yale ya mbele. Itabidi ukate au utoe bati la kuzuia vumbi na ubadilishe kiungo cha bomba la breki. Wakati uo huo safisha rejeta, au ufunge yenye safu tatu za mirija.

Kabla ya kuwasha, toa plagi zote, chomoa waya wa koili, na uzungushe stata kwa vipindi vifupi hadi kipimo cha oili kinyanyuke. Kisiponyanyuka, simama utafute sababu. Kikinyanyuka, rudisha plagi, washa, na mwache mtu mmoja atazame kipimo huku wewe ukitazama chini ya gari kwa tochi. Injini ikishapata moto, izime, fungua kava la vavu na urekebishe mianya ya vavu: milimita 0.25 kwa vavu za kuingiza na 0.30 kwa za kutoa. Kisha pita tena na spana kwenye mauntingi, manifoldi na bomba la moshi, kwa sababu joto la kwanza hulegeza nati ulizoapa kwamba umezikaza.