Umetoboa tundu la ribiti vibaya? Tuma picha yenye rula

Kwa anayejiundia ndege nyumbani kwa seti ya vipande: usikiandikie kiwanda kilichotengeneza seti hiyo "nimekosea tundu, nifanyeje?" Laza rula ya milimita kando ya tundu la ribiti (pini ya metali inayoshikanisha bati), piga picha moja ya karibu na moja ya kipande kizima. Kisha andika namba ya kipande, ukurasa wa mchoro na toleo lake, umbali kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bati, na marekebisho unayopendekeza wewe. Swali moja, barua pepe moja. Nilizungushana na kiwanda wiki mbili kwa maelezo matupu. Picha yenye rula ilijibiwa kesho yake.

Inasaidia kwa sababu mhandisi anatafuta kipimo. Kanuni ya kawaida ni umbali wa tundu hadi ukingo usipungue vipenyo viwili vya ribiti: kwa ribiti ya inchi 1/8, yaani milimita 3.2, ni kama milimita 6.4. Ukimpa 5.5 au 6.8, ana pa kuanzia. Ukijibiwa kwa simu, omba waandike, ubandike jibu kwenye daftari lako la ujenzi.

Haisaidii kama kuna ufa: picha inaweza kuuficha. Haisaidii pia kwa injini au propela uliyonunua kwingine, waulize waliokuuzia. Na kosa likiwa kwenye boriti kuu ya bawa, tafadhali weka drili chini. Usitoboe wala usipige ribiti hata moja mpaka jibu la maandishi lifike, hata likichukua mwezi.