Somo: Risasi za bastola ya kujihami, na mazoezi yake

Assalaam alaykum jamaa. Wenye maduka wa Darajani na ndugu zangu wa Wete wananiuliza kila mara: "Leseni ninayo, bastola ninayo, ninunue risasi gani?" Somo hili ni la mwenye leseni ya Polisi tu.

Hatua ya 1: Soma mtutu. Kipimo kimechongwa kwenye bastola, na kingine kwenye kitako cha ganda la risasi. Vilingane herufi kwa herufi. Kusema "milimita tisa" hakutoshi. Ipo 9x19 (hiyo 19 ni urefu wa ganda kwa milimita) iliyobuniwa na Georg Luger, na ipo 9x18 ya Makarov ya Warusi, ambayo ganda lake ni fupi na kichwa chake, yaani kipande kinachoruka, ni kinene zaidi. Usizichanganye kabisa.

Hatua ya 2: Chagua kichwa. Kilichovikwa shaba chote hutoboa na kuendelea na safari. Chenye shimo puani hutanuka kikiingia mwilini, hupunguza mwendo na aghalabu huishia humo. Azimio la Hague la 1899 lilikikataza vitani, lakini polisi wa Marekani wanakitumia, sababu mojawapo ikiwa ni kuwalinda waliosimama nyuma. Kabla hujalipa, waulize Polisi kama kibali chako kinakiruhusu.

Hapa nataka tusimame kidogo. Ukuta wa Mji Mkongwe wa mawe na chokaa ni mnene, ila mlango na dirisha havizuii kitu. Nyumba ya fito na udongo, au banda la bati, risasi hupita ikamfikia mtoto wa jirani kitandani. Hata yenye shimo, ikipita ubao shimo huweza kuzibwa, isitanuke. Kwa hiyo kaa chumbani mwako mchana, uangalie kila upande: nani analala nyuma ya ukuta huu?

Uzito wa kichwa cha risasi (kwa 9x19 huwa grein 115, 124 au 147; grein ni kipimo kidogo cha uzito) usikusumbue. Chukua ile ambayo bastola yako inaila bila kukwama, uipige angalau mara 100 kabla ya kuiamini.

Hatua ya 3: Hifadhi. Niliwahi kuweka risasi 6 kwenye mfuko wa ngozi kwa masika mbili. Nilipozitoa, maganda yalikuwa na ukungu wa kijani, unashika vidoleni. Ngozi na hewa yetu ya chumvi vimeila shaba. Nilizipeleka kwenye uwanja wa shabaha. Ya kwanza, bastola iligonga "ta!", kisha kimya, haikulipuka. Nilibaki nimeelekeza mtutu kwenye tuta la mchanga nikahesabu hadi 30, kwani baruti huweza kuchelewa kuwaka, ndipo nikaitoa. Tangu siku hiyo zangu zinakaa kwenye kopo lisiloingiza hewa, pamoja na kifuko cha kunyonya unyevu.

Hatua ya 4: Mazoezi. Tafuta mkufunzi anayetambuliwa na Polisi. Nyumbani, toa magazini (kasha la risasi), angalia chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inapokaa risasi, kwa macho na uipapase kwa kidole, risasi zote ziwe chumba kingine. Lenga ukuta mnene usio na mtu nyuma, weka sarafu ya shilingi 200 juu ya bastola, vuta kifyatulio taratibu. Sarafu ikianguka, mkono wako bado. Dakika 10 kila siku zitakufaa kuliko boksi zima la risasi mara moja kwa mwaka.

MASWALI

Wa Chake Chake: Mwalimu, risasi ileile naitoa chemba asubuhi na kuirudisha usiku. Kuna ubaya?
Upo, ndugu yangu. Kila inapoingia, kichwa husukumwa ndani ya ganda, na mgandamizo huweza kupanda hadi bastola ipasuke. Isimamishe karibu na mpya. Ikiwa fupi, usiipige.

Wa Mwanakwerekwe: Mwizi akishaanza kukimbia na televisheni yangu, nimpige?
Hapana! Akikupa mgongo hakutishii tena, na wewe ndiye utakayesimama mahakamani. Piga simu Polisi, 112.

Wa Kiembesamaki: Bastola ni ya mume wangu, mimi naiogopa. Nijifunze nini?
Bi, hulazimiki kupiga hata risasi moja. Mwambie akuonyeshe jinsi ya kujua kama ina risasi, na mkubaliane watoto wakimbilie chumba gani. Na ufunguo wa sanduku la bastola usitundikwe kwenye msumari wa jikoni.