Jinsi ya kupanga wafanyakazi kwa mfumo wa stadi wa SFIA, kuanzia swali moja

Mfumo sanifu wa stadi ni orodha ambayo wengine wameshaumiza kichwa kuiandika: inataja stadi za kazi na kueleza, ngazi kwa ngazi, mtu mwenye stadi hiyo hufanya nini hasa. Wizara ya Kazi ya Marekani inao wake, O*NET. Tume ya Ulaya inao ESCO. Mimi nafanya kazi na idara za tehama, kwa hiyo mifano yangu itatoka SFIA (Skills Framework for the Information Age), mfumo wa stadi za tehama uliotoka mwaka 2000. Toleo lake la 9, la mwaka 2024, lina stadi 147 na ngazi 7 za uwajibikaji, na kila stadi ina alama ya herufi nne. PROG, kwa mfano, ni utengenezaji wa programu, na DBAD ni usimamizi wa hifadhidata.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kufungua mfumo

Swali liwe moja, tena la kazi. "Msimamizi wetu wa hifadhidata akiondoka kesho, nani anashika nafasi yake?" Hilo ni swali. "Tunataka kujua ujuzi wa wafanyakazi wetu" si swali, ni shimo. Nilishatumbukia humo: kwenye taasisi moja tulimpa kila mtu orodha nzima ajipime. Watu walijaza kwa shingo upande, jedwali likafurika, na sikuona uamuzi hata mmoja uliotoka humo.

Hatua ya 2: Soma ngazi kwanza, stadi baadaye

Hapa usiwe na haraka. Kwa ufupi, ngazi ya 1 mtu anafuata maelekezo, ya 2 anasaidia, ya 3 anatekeleza mwenyewe, ya 4 anawezesha wengine, ya 5 anahakikisha kazi imefanyika na kutoa ushauri, ya 6 anaanzisha mambo na kushawishi, na ya 7 anaweka mkakati wa taasisi. Kinachopimwa ni uzito wa dhamana: anajiamulia kiasi gani, uamuzi wake unamgusa nani, kazi yake ina ugumu gani.

Kwa hiyo miaka kazini haimpandishi mtu ngazi. Aliyetekeleza kazi ileile kwa ustadi miaka 20 anaweza kuwa ngazi ya 3, na hakuna aibu hapo, maana taasisi isiyo na watu imara wa ngazi ya 3 haisogei. Kadhalika, si kila stadi ina ngazi zote. PROG huanzia ya 2 na kuishia ya 6. Ukikuta maelezo ya kazi yanataka "mtengeneza programu ngazi ya 7", aliyeyaandika hakusoma mfumo.

Hatua ya 3: Eleza nafasi, si mtu

Chukua nafasi moja uipe stadi chache, tatu hadi sita. Msimamizi wa hifadhidata niliyemtaja anaweza kuhitaji DBAD ngazi ya 4, usalama wa taarifa ngazi ya 3 na ushughulikiaji wa matukio ngazi ya 3. Usichague kwa kusoma jina la stadi. Soma aya inayoeleza ngazi yenyewe, kisha jiulize kama mwenye nafasi hiyo alifanya kitu cha namna hiyo mwezi huu. Kama hapana, ifute, hata kama inapendeza kwenye karatasi.

Kishawishi kikubwa ni kuiandika nafasi kwa sura ya aliyeikalia sasa. Akiwa hodari sana, utaandika nafasi ambayo hutampata mwingine wa kuijaza.

Hatua ya 4: Pima watu kwa ushahidi

Mfanyakazi ajipime, msimamizi wake ampime, kisha waketi pamoja. Palipo na tofauti, uliza: "Mara ya mwisho ulifanya hivi lini, na nani alikuwa anakuangalia?" Jibu la swali hilo lina uzito kuliko cheti. Cheti kinaonyesha kwamba mtu anajua. Ngazi inadai awe amefanya, tena kwenye kazi halisi. Mimi huweka alama tatu tu: amejifunza, amefanya sehemu, amefanya yote na anategemewa.

Duru ya kwanza usiihusishe na mshahara, na uwaambie watu hivyo waziwazi. Neno mshahara likitajwa tu, ofisi nzima inalala ngazi ya 3 na kuamka ngazi ya 5. Waangalie pia wakimya. Wapo wanaojishusha kila mara, na msimamizi asiyewajua vizuri atawaacha hukohuko chini.

Hatua ya 5: Soma mapengo

Lahajedwali la kawaida linatosha: nafasi upande mmoja, stadi upande wa pili, ngazi inayotakiwa na iliyopo. Pengo la ngazi moja mara nyingi huzibika kwa kumpa mtu kazi ya ngazi ya juu chini ya uangalizi. Pengo la ngazi mbili usilipeleke kwenye kozi ya wiki moja. Hapo ajiri, azima mtu wa idara nyingine, au igawe nafasi upya.

Kisha tafuta safu zenye jina moja tu. Stadi inayoshikwa na mtu mmoja ni hatari hata kama hakuna pengo lolote, na kwangu hili ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Mara nyingi mtu huyo ndiye mwenye likizo nyingi asizochukua.

Hatua ya 6: Ingiza kwenye kazi za kila siku

Tangazo la ajira liandikwe kwa lugha ya kawaida. Alama za herufi nne zibaki kwenye faili lako. Mpango wa mafunzo utokane na mapengo, si na vipeperushi vya watoa kozi. Soma pia leseni ya SFIA: kuutumia ndani ya taasisi yako na kuuza ushauri kwa kuutumia ni mambo mawili tofauti.

Ukimaliza nafasi ya kwanza, chukua ya pili inayogusa swali lilelile. Kwa msimamizi wa hifadhidata, huyo ni yule anayepigiwa simu yeye asipopatikana.