Kutafuta njia ya baiskeli isiyo na magari katika vilima vya Pemba

Hakuna kilima cha Pemba kinachofika mita 150, na kisiwa chenyewe ni kiasi cha kilomita 67 kutoka ncha hadi ncha. Hata hivyo, upande wa magharibi ardhi haitulii. Unashuka bondeni penye mpunga, unavuka kijito, unapanda kwenye mikarafuu, na kabla pumzi haijarudi unashuka tena. Ukienda hivyo kwenye lami, daladala iko nyuma yako inapiga honi. Ukienda kwa njia za udongo na kifusi utakutana na gari la ng'ombe, bodaboda mojamoja na watoto wa skuli tu.

Njia hizo ni nyingi kuliko mtu anavyodhani. Kazi ni kujua ipi inapitika kwa baiskeli na ipi itakutupa katikati ya bonde. Mimi hujua kwa kuuliza swali moja: nani anaitumia?

Hatua ya 1: Chagua rasi

Tazama ramani. Pwani ya magharibi imekatwakatwa na hori, mikono ya bahari inayoingia nchi kavu, zenye mikoko, na kati ya hori na hori ardhi imetokeza baharini: hizo ndizo rasi. Upande wa mashariki ni tambarare zaidi na una maweni, mawe makali yanayokata tairi, kwa hiyo ukitaka vilima baki magharibi. Barabara kubwa hupita katikati ya kisiwa, kutoka Mkoani hadi Chake Chake, kisha Wete na Konde, na rasi nyingi huachwa pembeni. Barabara ya rasi haimfikishi dereva popote ila kijiji cha mwisho, ndiyo maana magari hupungua kila unapokaribia bahari.

Kwa anayeanza napendekeza Ras Mkumbuu, magharibi ya Chake Chake. Toka mjini, elekea Ndagoni, kisha endelea. Njia inazidi kuwa nyembamba hadi nchani, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya Waswahili wa kale. Kwenda haifiki kilomita 20. Sehemu za mwisho huenda ukashuka na kukokota. Kupotea ni vigumu, kwa sababu bahari iko kulia na kushoto.

Jihadhari na vijiji viwili vinavyotazamana ng'ambo ya hori. Kwenye ramani vinaonekana jirani, lakini njia ya kati ni ya wavuvi na inategemea maji. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukupwa sana asubuhi, ukavuka bila shida, kisha hujaa alasiri, kiasi cha saa 10, ukajikuta umefungiwa upande wa pili na jua linashuka.

Hatua ya 2: Soma picha za juu

Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar na washirika wake, wakiwemo vijana wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walianza kupiga picha za Unguja na Pemba kwa droni, na picha hizo ziko wazi kwa wote. Ramani ya OpenStreetMap nayo unaweza kuishusha kwenye simu ukaitumia bila intaneti. Tafuta mistari miwili sambamba yenye majani katikati: hiyo ni njia ya magurudumu. Mstari mmoja ni wa miguu. Rangi ya kijani iliyo sawasawa ni mpunga. Mstari ukiingia kwenye mpunga na usitoke upande wa pili, hakuna anayevuka hapo, na wewe hutavuka.

Hatua ya 3: Tambua njia ni ya nani

Hapa ndipo penye kazi, na ramani haikusaidii.

Njia ya gari la ng'ombe ndiyo bora. Ng'ombe mwenye mzigo hawezi kupandishwa kilima wima, kwa hiyo waliochonga njia hiyo waliizungusha taratibu ubavuni mwa kilima. Shika mfuo mmoja wa gurudumu usiuache ovyo. Ukitaka kuhamia wa pili, punguza mwendo na uvuke karibu na pembe mraba, la sivyo gurudumu la mbele litateleza ukingoni.

Njia ya skuli huunganisha mtaa na mtaa. Watoto huipita hata masika, kwa hiyo imekanyagwa ikawa ngumu, na kwenye kijito kuna angalau gogo la mnazi. Gogo hilo ni la kuvuka kwa miguu, baiskeli begani. Usiipite wakati wa kuingia na kutoka skuli; saa hizo njia ni yao.

Njia ya karafuu inadanganya. Msimu wa kuchuma huonekana pana na safi, lakini inashuka wima, ina mizizi, na inaishia chini ya mikarafuu. Msimu ukipita huota majani. Mimi siiweki kwenye mzunguko wowote.

Iliyobaki ni njia ya diko, wanakoshusha samaki. Ukiona mchuuzi anapandisha kutoka dikoni na tenga la samaki kwenye keria, ifuate bila wasiwasi. Mtu huyo ana baiskeli isiyo na gia na mzigo unaoharibika akichelewa. Alikochagua kupita ndiko kunakopitika.

Hatua ya 4: Uliza vizuri

Shuka kwenye baiskeli. Toa salamu, jibiwa, ulizia hali, ndipo uulize njia. Ukiuliza "Hii inafika Wete?" utaambiwa inafika, na utaelekezwa kwenye lami, kwa sababu mwenyeji anakutakia wepesi. Uliza hivi:

"Mzee wangu, gari la ng'ombe lapita huku?"

"Lapita, mpaka pale mwembe mkubwa."

"Na baada ya mwembe?"

"Baada ya hapo ni miguu tu, mwanangu. Mvua ikinyesha hata miguu haipiti."

Umepata yote uliyoyahitaji.

Hatua ya 5: Tayarisha baiskeli

Tairi la upana wa milimita 40 hadi 50 linatosha. Usilijaze likawa gumu kama jiwe; mpanda baiskeli wa kilo 70 anaweza kuanzia PSI (kipimo cha upepo wa tairi) 30 hadi 35 akaongeza kidogo akihisi rimu inagonga. Gia ndogo kabisa iwe na meno machache mbele kuliko nyuma, mfano 30 kwa 34. Udongo mwekundu ukilowa hujikusanya kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linasimama, kwa hiyo vua madigadi. Baiskeli yenye rimu za chuma na breki za vyuma inafaa wakati wa ukavu, lakini rimu zikilowa hazishiki. Zikiwa hivyo, kwenye mteremko teremka kwa miguu. Chukua tyubu, viraka, gundi na pampu. Mafundi wapo vijijini, ila saizi ya tyubu yako huenda hawana.

Hatua ya 6: Majira na adabu

Masika, Machi hadi Mei, kaa nyumbani au baki kwenye kifusi. Kipupwe, kusi ikivuma, ndiyo wakati wake. Anza saa 12 na nusu asubuhi, uwe umemaliza vilima kabla ya saa 5.

Kuanzia kiasi cha Julai karafuu huanikwa juani kwa siku kadhaa, mara nyingi kwenye majamvi kandokando ya njia. Usipitishe gurudumu juu yake, hata pembeni. Lile ni jasho la mwaka la familia nzima. Ukibeba mabegi makubwa msimu huo, usishangae kuulizwa una nini. Magendo ya karafuu yanakaguliwa, na jibu la upole linamaliza jambo. Vaa nguo inayofunika magoti, na mchana wa Ramadhani kunywa maji yako faraghani.

Hatua ya 7: Rekodi, kisha chuja

Ukirudi na njia nzuri kwenye simu, ipitie kabla ya kuigawa. Ondoa kipande kilichopita uani kwa mtu, hata kama mwenyewe alikukaribisha; alikukaribisha wewe, si kila mtu. Ondoa kilichopita makaburini au karibu na mzimu, mahali pa matambiko. Kwenye vipande vilivyobaki andika mtumiaji: skuli, diko, gari la ng'ombe. Andika pia ulipita mwezi gani, maana daraja la magogo la Septemba huenda Mei halipo.