Kabla hujalipia gia boksi ya Johnson ya zamani

Ukikuta gia boksi ya Evinrude inauzwa na mashine yako ya boti, ile inayofungwa nje nyuma, ni Johnson, usiipite. Majina yote mawili yalikuwa ya kampuni moja ya Marekani, OMC, na kwa miaka mingi mashine zake zilitofautiana rangi na vibandiko tu. OMC ilifilisika Desemba 2000, na Evinrude ikaacha kutengenezwa 2020, kwa hiyo mguu wa chini, yaani boksi yenyewe, utakaoupata huenda umeng'olewa kwenye mashine iliyokwisha kufa. Hapo ndipo watu wanapoliwa pesa: boksi inaingia boliti zote, na bado si yake.

Anza na namba ya modeli, iliyo kwenye kibati cha bano linaloshika tezi, nyuma ya boti. Kibati kikiwa kimeliwa na chumvi, tazama kizibo kidogo cha chuma kwenye bloku; mashine nyingi za OMC zimegongwa namba hapo. Namba zilizojitokeza kwenye aluminiamu ya boksi ni za kalibu, si za spea, usiagize kwa hizo. Kuanzia 1980 mwaka umefichwa ndani ya namba ya modeli, kwa herufi za neno INTRODUCES: I ni 1, N ni 2, hivyo hivyo hadi E ni 9 na S ni 0. Ukiona CR, hiyo ni ya 1984.

Urefu wa mguu ni rahisi kupima: mfupi ni kama sentimita 38, mrefu 51. Ila ganda la boksi mara nyingi ni lile lile, shafti ndiyo inayotofautiana, basi pima shafti pia.

Uwiano wa gia ndio unaosahaulika kuliko vyote. Toa plagi, tia gia ya mbele, zungusha flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya mashine, kwa mkono huku mwenzako akihesabu mpaka propela imalize mzunguko mmoja. Fanya hivyo kabla hujafungua boksi yako mbovu, kama bado inazunguka, kisha uzungushe shafti ya ile unayouziwa. Hesabu zikipishana, mashine italemewa au itapiga kelele bila kusukuma.

Mashine yako ikiwa ya miaka ya 1960 au mwanzoni mwa miaka ya 1970, angalia kama kuna nyaya zinazoshuka kwenye boksi. Hiyo inabadili gia kwa umeme, na haikubali boksi ya fimbo, inayobadilishwa gia kwa kuvutwa na fimbo. Hata oili yake ni ya peke yake.

Muuzaji akiapa kwamba boksi nzima, mwombe alegeze skrubu ya chini. Oili nyeupe kama maziwa maana yake sili zimepitisha maji. Hapo punguza bei. Chembe za chuma zinazong'aa, mwachie mwenyewe.

Siku ya kufunga, weka impela mpya ya pampu ya maji. Grisi ipake kwenye meno ya shafti, si kwenye ncha yake ya juu, isije ikazuia boksi kukaa.