Namna ya Kuchagua Koilova kwa Gari la Spoti Linaloishi Malindi

Kabla ya kuuliza bei ya seti yoyote ya koilova, yaani springi na shoku za kurekebishia kimo cha gari, mwenye gari la spoti hapa Malindi na afanye kazi moja isiyomgharimu hata shilingi. Aegeshe gari mahali tambarare, achukue futi, na apime kila gurudumu kutoka kitovu cha rimu hadi ukingo wa madigadi; kisha apime uvungu, yaani nafasi iliyopo kati ya ardhi na kitu kilichoning'inia chini kuliko vyote, ambacho mara nyingi ni bomba la ekzosi au mdomo wa bampa ya mbele. Vipimo hivyo aviandike na kuvihifadhi. Wengi huchagua koilova kwa kutazama picha ya gari lililolala chini hadi tairi limemezwa na madigadi, nao hukumbuka habari ya uvungu siku ya kwanza wanapofika kwenye tuta.

Koilova ni springi na shoku vilivyounganishwa kuwa kitu kimoja: springi imezunguka shoku na kukalia pete inayopanda na kushuka juu ya hesi, yaani mikato ya skrubu kwenye mwili wa shoku, na pete hiyo ndiyo inayomwezesha fundi kuinua au kuteremsha gari. Ieleweke pia kwamba si kila seti inayouzwa kwa jina hilo ni koilova kwa miguu yote minne. Katika magari kama BMW 3 Series za miaka mingi, springi ya nyuma hukaa mbali na shoku yake, na hata seti iliyo bora huufuata mpangilio huo.

Swali la kwanza, basi, ni barabara. Anayeishi Malindi huendesha kwenye lami ya kwenda Mombasa, takriban kilomita 120, yenye matuta kila inapopita mjini. Huendesha kwenye kabro za mitaani. Na hulazimika kuingia vijia vya mchanga na mawe ya matumbawe ili afike nyumbani au ufukweni. (Ndugu zetu wa kisiwani Amu wameepushwa na mjadala huu, maana punda hahitaji springi.) Gari la namna hii halihitaji kuteremshwa zaidi ya milimita 15 hadi 25 kutoka kimo chake cha kiwandani, na kwa maoni yangu anayetaka zaidi ya hapo anatafuta pambo. Kila milimita unayoiteremsha kwa kushusha pete tu inatolewa kwenye mwendo wa shoku wa kubonyea, na mwendo huo ukiisha, shoku hugonga raba ya kikomo, gari hurushwa, na tairi hupoteza mshiko wakati ule ule dereva anapouhitaji.

Ugumu wa springi ndio unaostahili kufikiriwa kuliko jambo jingine lolote. Watengenezaji wengi wa Japani na Taiwan huuandika kwa kilo kwa milimita: springi ya kilo 4 hubonyea milimita moja kwa kila kilo 4 zinazowekwa juu yake. Tuchukue mfano wa kona ya gari ambayo springi yake hubeba uzito wa kilo 300, kwenye mguu wa aina ya MacPherson, yaani ule ambao shoku na springi husimama pamoja juu ya gurudumu, ambapo springi na gurudumu husogea karibu sawasawa. Ukiweka springi ya kilo 4, uzito huo utaibonyeza milimita 75, na kona hiyo ikisukumwa itapanda na kushuka takriban mara 1.8 kwa sekunde. Ukiweka springi ya kilo 8, itabonyea milimita 37 na nusu tu, na mtikisiko utakuwa zaidi ya mara 2.5 kwa sekunde. Magari ya kawaida ya familia hukaa kati ya mara 1 na 1.5, gari la spoti la barabarani hupendeza kati ya 1.5 na 2. Ukivuka hapo umeingia katika ugumu wa uwanja wa mashindano, ambako lami ni laini kama meza na hakuna anayebeba mayai sokoni.

Hesabu hiyo inafichua jambo la pili ambalo wauzaji hawalisemi. Springi iliyobonyea milimita 75 ina milimita 75 za kujinyoosha gurudumu linapotumbukia shimoni. Iliyobonyea 37 ina nusu yake. Ndiyo maana gari lenye springi ngumu, likivuka tuta kwa mshazari ili kulinda bampa, huinua gurudumu moja hewani na kulitupa tena chini kwa kishindo. Watu husema shoku imekufa, kumbe shoku ni nzima na springi ndiyo isiyofaa kwa njia hiyo.

Usilinganishe namba za magari mawili tofauti bila kujua umbo la miguu yao. Kwenye Toyota 86 na Subaru BRZ, mbele kuna MacPherson na nyuma kuna mikono miwili ya chuma inayoshikilia gurudumu, mmoja juu na mwingine chini. Palipo na mikono, springi mara nyingi hukaa ndani kuliko gurudumu, hivyo ugumu unaolifikia gurudumu hupungua kwa mraba wa uwiano wa mwendo wao. Ikiwa springi husogea milimita 0.7 kwa kila milimita 1 ya gurudumu, springi ya kilo 5 huhisiwa na gurudumu kama ya kilo 2.45. Kwa sababu hiyo mwenye Mazda MX-5 anaweza kuendesha kwa starehe akiwa na namba ambayo kwenye Impreza ya zamani, yenye MacPherson pande zote nne, ingemng'oa meno.

Sasa tuje kwenye chumvi, adui ambaye maelekezo mengi yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi nyingine humtaja kwa sababu ya theluji tu, maana huko chumvi humwagwa barabarani ili kuiyeyusha. Hapa chumvi huja na upepo, hasa msimu wa kusi, nayo hulala kwenye hesi za koilova pamoja na mchanga. Seti nyingi zina pete za alumini zilizofungwa juu ya mwili wa chuma, na metali hizo mbili zikikutana ndani ya maji ya chumvi, alumini huliwa na pete hugandia hesi. Mimi niliwahi kununua seti iliyotumika, bei nzuri, rangi inang'aa. Baada ya msimu mmoja wa kusi pete za nyuma hazikuzunguka tena, na fundi alipozilazimisha kwa spana alivunja meno ya pete na kuchubua hesi. Gari likabaki limeinama upande mmoja hadi nilipopata seti nyingine. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa muuzaji ni mwili wa shoku umetengenezwa kwa nini na umepakwa nini. Kampuni ya KW ya Ujerumani, kwa mfano, hutengeneza seti zake nyingi kwa chuma kisichoshika kutu, na ubora huo kwa mtu wa pwani una thamani kuliko vitufe vya kurekebishia.

Seti ambazo mguu wa chini nao una hesi, ili kimo kibadilishwe bila kugusa springi wala kupunguza mwendo wa shoku, zinasifiwa sana, na sifa hizo ni za haki. Lakini zinaongeza hesi ya pili ya kugandana, tena iliyo karibu zaidi na matope. Kama huna nia ya kuteremsha gari zaidi ya milimita 20, aina rahisi yenye pete ya springi peke yake inakutosha. Wala usidanganywe kwamba kuikaza springi kwa pete kunaifanya iwe ngumu zaidi: springi ya kawaida, ambayo ugumu wake haubadiliki inapobonyea, hubaki na ugumu ule ule, na kinachobadilika ni kimo na mgawanyo wa mwendo.

Kuhusu shoku zenyewe, ziko zenye mrija mmoja na zenye mirija miwili. Ya mrija mmoja hupoa vizuri na hujibu haraka, lakini pistoni yake huteleza moja kwa moja kwenye ukuta wa nje, kwa hiyo jiwe likiubonyeza ukuta huo, shoku imekwisha. Ya mirija miwili huvumilia zaidi kipigo cha nje na mara nyingi huwa laini kwenye matuta. Kwa anayepita njia za matumbawe kila siku, ningemshauri mirija miwili bila kusita. Vitufe vya kurekebisha ugumu ni vyema kuwa navyo, lakini ngazi 30 si tabia 30. Utatumia tatu au nne, na kitufe kimoja kwa kawaida hugusa zaidi mwendo wa shoku wa kurudi kuliko wa kubonyea.

Maunti za juu, yaani vishikizo vinavyofunga koilova kwenye bodi, ziwe za raba. Zile zenye tufe la chuma badala ya raba hupitisha kila kelele ndani ya gari na hulegea upesi zikipata mchanga.

Muulize muuzaji pia kama sili na shoku moja moja zinapatikana, na ni nani atakayeijaza gesi shoku ikivuja, kwa kuwa kusafirisha seti nzima nje ya nchi kwa sababu ya sili moja ni hasara. Seti iliyotumika isiyo na karatasi ya kuonyesha ugumu wa springi zake iache hapo hapo dukani.

Siku ya kufunga, hakikisha bushi za mikono na tairi ni nzima kwanza. Koilova mpya juu ya bushi zilizochakaa ni pesa iliyotupwa. Hesi zipakwe grisi ya kuzuia kugandana kabla gari halijashuka kwenye jeki, na nati za mikono yenye bushi za raba zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, la sivyo raba zitabaki zimesokoteka na kuchanika mapema. Rudia vipimo vya futi ulivyoandika mwanzoni, pande zote mbili zilingane, ndipo uende kufanya alaimenti, maana kimo kikibadilika mwelekeo wa magurudumu nao hubadilika. Springi mpya hulala kidogo, hivyo baada ya kilomita 500 hivi pima tena, kaza nati zote, na kama kimo kimeshuka rudia alaimenti. Kila wiki msimu wa kusi, osha hesi kwa maji baridi ya bomba na brashi ya nailoni, na mara moja kwa miezi mitatu zungusha kila pete robo mzunguko na kuirudisha ilipokuwa.